Maktaba na Mkataba: Historia ya Maktaba ya Mji wa Peterborough

1. Utangulizi

Mtu anayetaja historia ya maktaba hukumbuka kwanza majina makubwa: Aleksandria, Timbuktu, London, Washington. Ni nadra kukumbuka mji mdogo. Hata hivyo, jambo moja ambalo leo huonekana la kawaida katika sehemu nyingi za dunia, yaani maktaba iliyo wazi kwa kila mkazi, inayoazimisha vitabu bila malipo na kutunzwa kwa fedha za kodi, halikuanzia katika mji mkuu wowote. Mfano wake wa mwanzo unaotajwa na wanahistoria wengi ni maktaba ya Peterborough, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Maktaba hiyo ilianzishwa kwa kura ya wakazi tarehe 9 Aprili 1833.

Makala haya yanaeleza maktaba hiyo ilivyozaliwa, fedha zake zilikotoka, na sababu ya kudumu kwake ilhali maktaba nyingi za wakati ule zilitoweka. Hoja kuu ni kwamba upya wa Peterborough haukuwa katika vitabu, kwa maana vitabu vilikuwapo. Wala katika jengo, kwa maana jengo lilichelewa miaka sitini. Wala hata katika kuazimisha bure, kwa maana miji mingine ilikwisha kujaribu. Upya ulikuwa katika swali la nani anamiliki na nani analipa.

Lugha ya Kiswahili inasaidia kuliona jambo hili. Maneno kitabu, maktaba, mkutubi, katibu na mkataba yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b, wenye maana ya kuandika. Maktaba na mkataba ni ndugu wa ukoo mmoja. Historia ya Peterborough yaonyesha kwamba undugu huo si wa sauti tu: maktaba ya umma, kabla ya kuwa nyumba ya vitabu, ni mapatano ya watu wanaoishi pamoja.

2. Maktaba za wanachama na maktaba za zawadi

Katika karne ya 18 mkazi wa kawaida wa makoloni ya Kiingereza huko Amerika hakuwa na njia nyingi za kupata vitabu. Vyuo vilikuwa na maktaba zao, wachungaji na mawakili walikuwa na makabati yao, na waliobaki walitegemea Biblia na kalenda ya mwaka. Mwaka 1731 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha mjini Philadelphia shirika la kununua vitabu kwa pamoja. Wanachama wa kwanza walikuwa hamsini. Kila mmoja alitoa shilingi 40 za kuingia na shilingi 10 kila mwaka. Mpango huo ulienea haraka, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 miji na vijiji vingi vya eneo la New England vilikuwa na maktaba ya namna hiyo.

Maktaba hizo zilifanya kazi kubwa, lakini zilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, aliyeshindwa kulipa hakuingia. Pili, uhai wake ulitegemea ari ya wanachama. Ari ilipopoa, au waanzilishi walipofariki, ada zilikoma na vitabu vipya vikakosekana. Mwishowe wanachama waligawana au kuuza vilivyobaki. Nyingi hazikufika umri wa kizazi kimoja.

Njia ya pili ilikuwa zawadi. Mji mmoja wa jimbo la Massachusetts, uliopewa jina la Franklin mwaka 1778 kwa heshima ya Benjamin Franklin mwenyewe, ulimwomba awapatie kengele kwa ajili ya nyumba yao ya ibada. Yeye aliona ni afadhali awape vitabu. Vitabu 116 vilinunuliwa na kupelekwa, na mwaka 1790 wakazi wakapiga kura kwamba viazimwe na wakazi wote bila malipo. Katika Salisbury, mji wa jimbo la Connecticut, muuza vitabu wa Boston aliyeitwa Caleb Bingham, mzaliwa wa hapo, alitoa mwaka 1803 vitabu 150 kwa ajili ya watoto wenye umri wa miaka 9 hadi 16. Mwaka 1810 mji huo ulitoa dola 100 ili kuongeza vingine.

Mifano hii miwili huletwa kila mara katika mjadala wa nani alikuwa wa kwanza, na miji hiyo ina haki ya kujivunia. Lakini tofauti ni muhimu. Maktaba ya Franklin ilikuwa zawadi iliyofunguliwa kwa wote. Haikuwa na chemchemi ya fedha. Ile ya Salisbury ilisaidiwa na mji, lakini ilianza kwa mkono wa mfadhili na ililenga watoto peke yao. Katika miji yote miwili umma ulipokea kwanza, ndipo ukaamua. Peterborough uliamua kwanza.

3. Fedha zilizokosa chuo

Chanzo cha fedha za Peterborough kina historia yake, na historia hiyo ina ajabu kidogo. Mwaka 1816 serikali ya jimbo la New Hampshire ilijaribu kukitwaa Chuo cha Dartmouth na kukigeuza kuwa chuo cha serikali. Wasimamizi wa chuo walikwenda mahakamani, na mwaka 1819 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hati iliyokianzisha chuo ilikuwa mkataba ambao serikali haikuwa na uwezo wa kuuvunja. Jimbo likabaki bila chuo chake.

Baadhi ya viongozi hawakukata tamaa. Mwaka 1821 ilipitishwa sheria ya kutoza benki za jimbo kodi ya nusu ya asilimia moja ya mtaji wao, na mapato hayo kuwekwa katika mfuko maalumu wa elimu. Lengo lilikuwa kujenga chuo kipya. Miaka ikapita, fedha zikakusanyika, lakini makubaliano kuhusu chuo hayakupatikana. Mwaka 1828 Bunge la jimbo likauachilia mpango huo na kuamuru fedha zigawiwe miji yote. Sheria ilisema zitumike kwa ajili ya shule za watu wote, au kwa madhumuni mengine ya elimu.

Maneno hayo machache ya mwisho ndiyo yaliyofungua mlango. Miji karibu yote iliyasoma maneno ya kwanza ikapeleka fedha zote shuleni, na hakuna aliyeweza kuilaumu. Peterborough ukayasoma hadi mwisho.

4. Kura ya tarehe 9 Aprili 1833

Peterborough uko kusini mwa jimbo, kando ya mto Contoocook, si mbali na mlima Monadnock. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1760. Katika miaka ya 1830 ulikuwa na wakazi wapatao 2,000. Walio wengi walikuwa wakulima, lakini nguvu ya maji ya mto ilikuwa imekwisha kuvuta viwanda vya pamba.

Mwaka 1827 alifika hapo mchungaji wa madhehebu ya Unitari, Abiel Abbot. Alizaliwa mwaka 1765 huko Wilton, mji usio mbali na Peterborough, akasoma Harvard, akafanya kazi ya uchungaji na ualimu kabla ya kuhamia Peterborough akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Mapema baada ya kufika alianzisha maktaba ndogo ya watoto. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mtu aliyeushawishi mji kutumia sehemu ya fedha za jimbo kwa vitabu.

Ushawishi wake, hata hivyo, usingetosha peke yake. Miji ya New England ilikuwa na desturi ya mkutano wa mji, ambao hadi leo unaendelea katika miji mingi. Mambo ya kujadiliwa huandikwa na kubandikwa mapema. Siku ikifika, wenye haki ya kupiga kura hukutana, hujadili jambo moja baada ya jingine, kisha huamua kwa kura: barabara ipi itengenezwe, maskini wapewe msaada gani, mwalimu alipwe nini. Katika mkutano wa tarehe 9 Aprili 1833, wakazi waliamua kwamba fedha za mfuko wa jimbo zigawanywe: sehemu iende katika mitaa ya shule kama kawaida, na sehemu inunue vitabu vya maktaba ya mji.

Uzito wa uamuzi huo huonekana ukikumbukwa ulivyofanyika. Fedha zile hazikuwa za ziada. Kila dola iliyonunua kitabu ilikuwa dola isiyokwenda shuleni, na shule za vijijini za wakati ule zilikuwa fukara. Wakazi hawakuombwa kupokea zawadi njema. Waliombwa kuchagua kati ya mema mawili. Kwa kuchagua maktaba walikuwa wakisema kwamba elimu haimaliziki mtoto anapotoka darasani, na kwamba mtu mzima naye ana dai juu ya hazina ya wote. Vilevile waliiweka maktaba katika orodha moja na barabara, daraja na shule, yaani mambo ambayo mji huyajadili na kuyalipia kila mwaka.

5. Vitabu dukani

Maktaba mpya haikuwa na nyumba. Vitabu viliwekwa katika duka la bidhaa mchanganyiko ambalo pia lilikuwa na ofisi ya posta. Mpango huo ulikuwa wa umaskini, lakini ulikuwa na hekima yake. Kila mtu alifika dukani, na kila mtu aliyetazamia barua alifika posta. Mkulima aliyekuja kununua chumvi aliweza kurudi na kitabu bila safari ya pili na bila kuingia katika jumba la kumtisha.

Mkusanyo wa kwanza ulikuwa wa mamia kadhaa tu ya vitabu. Dini, historia na wasifu wa watu mashuhuri ndizo zilizotawala; riwaya zilikuwa chache mno. Uchaguzi huo waonyesha waanzilishi walivyoelewa kazi ya maktaba. Kwao maktaba ilikuwa shule ya pili, mahali pa kujijenga kiakili na kitabia, wala si mahali pa burudani. Maktaba nyingi za umma zilizofuata zilibishana kwa miongo mingi juu ya jambo hilo: je, fedha za kodi zinunue kile ambacho wasomaji wanakihitaji kwa maoni ya wasimamizi, au kile ambacho wasomaji wenyewe wanakitaka? Ubishi huo ulizaliwa pamoja na kodi yenyewe. Katika maktaba ya wanachama mwenye ada huchagua. Katika maktaba ya zawadi mfadhili huchagua. Katika maktaba ya umma wote wana neno, na kwa hiyo hakuna anayeridhika kikamilifu.

6. Kutoka mji hadi sheria

Kwa miaka kadhaa Peterborough haukuwa na wafuasi wengi. Badiliko lilikuja mwaka 1849, New Hampshire ilipopitisha sheria ya kuruhusu kila mji wa jimbo kutenga fedha kwa ajili ya maktaba ya umma. Ilikuwa sheria ya kwanza ya namna hiyo kwa jimbo zima nchini Marekani. Massachusetts ilikuwa imetoa ruhusa kwa mji wa Boston peke yake mwaka 1848, ikaieneza kwa miji yote mwaka 1851. Maktaba ya Boston ilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 1854, na kwa ukubwa wake ikawa mfano ulioigwa na miji mikubwa.

Katika miaka hiyo hiyo Uingereza ilifuata njia yake. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu miji yenye wakazi zaidi ya 10,000 kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majengo na ardhi. Sheria hiyo ilikuwa na kiroja chake: fedha zilipaswa kutumika kwa jengo na watumishi, lakini si kwa kununua vitabu. Mwaka 1855 kiwango kilipandishwa hadi peni moja na ununuzi wa vitabu ukaruhusiwa. Haifai kusema kwamba London iliiga Peterborough. Mji mdogo uliotangulia haumaanishi mji uliosababisha. Kinachoonekana ni kwamba katika kipindi cha miaka ishirini wazo lile lile lilizuka na kukubaliwa mahali kadhaa: kwamba kusoma ni hitaji la umma, na hitaji la umma hulipiwa na umma.

7. Jengo la mwaka 1893

Baada ya miongo sita ya kukaa katika nyumba za wengine, maktaba ya Peterborough ilipata jengo lake mwaka 1893. Lilichorwa na George Shattuck Morison, mhandisi mashuhuri wa madaraja ya reli, ambaye miongoni mwa kazi zake ni daraja la mwaka 1892 juu ya mto Mississippi huko Memphis. Ukoo wake ulikuwa na asili Peterborough, naye alikuwa na nyumba hapo. Mtu aliyezoea kupima mizigo ya treni alichora nyumba ya matofali kwa ajili ya mzigo wa vitabu.

Michango ya watu binafsi, basi, haikukosekana. Hata hivyo, mfuatano wa mambo ni wa kuzingatiwa: mapatano yalitangulia, jengo likafuata. Somo hilo lilieleweka na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, ambaye kwa fedha zake zilijengwa maktaba zaidi ya 2,500 duniani, 1,689 kati ya hizo zikiwa Marekani. Carnegie hakutoa jengo kwa mji uliokuja mikono mitupu. Kwa kawaida mji ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka katika kodi, kiasi cha asilimia 10 ya thamani ya zawadi kwa ajili ya matunzo. Mfadhili mkubwa kuliko wote alijua kwamba jengo bila mkataba ni ghala tu.

Jengo la Peterborough lilipanuliwa mara kadhaa katika karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 lilikarabatiwa na kukuzwa tena, sehemu ya mwaka 1893 ikahifadhiwa. Fedha zilitoka katika hazina ya mji na katika michango. Mji wenyewe sasa una wakazi zaidi ya 6,000, na maktaba ingali ikiazimisha.

8. Umma ni nani?

Si haki kuisimulia historia hii kana kwamba haina upungufu. Mwaka 1833 waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Wanawake waliweza kusoma vitabu ambavyo hawakuwa na sauti katika kuvinunua. Wanawake wa Marekani hawakupata haki ya kupiga kura katika taifa zima hadi mwaka 1920. Tena, kodi iliyonunua vitabu vya kwanza haikutozwa wakazi moja kwa moja, bali ilitoka kwa benki kupitia jimbo. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba Peterborough ulibahatika zaidi kuliko ulivyojitolea.

Pingamizi hilo lina ukweli, lakini haliondoi hoja. Miji mingine ya jimbo ilipata bahati ile ile na sheria ile ile. Bahati iliigusa yote. Uamuzi ulifanywa na mmoja. Ama kuhusu neno umma, huenda hapa ndipo penye fadhila kubwa ya mpango wenyewe. Maktaba ya wanachama ilikuwa na mpaka ulioandikwa katika daftari la ada. Maktaba ya mji ilikuwa na mpaka wa mji, na kila mduara wa wananchi ulipopanuka, haki ya kuisimamia ilipanuka nao bila maktaba kubadili jina wala sheria.

9. Hitimisho

Swali lililoamuliwa Peterborough halijafungwa, wala si la Wamarekani peke yao. Nchi za Afrika Mashariki zilipopata uhuru ziliweka maktaba za umma chini ya sheria mapema: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Zote tatu zilichagua bodi ya taifa, si kura ya mji. Njia hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa miji mingi haikuwa na hazina ya kutosha, na ilikuwa rahisi zaidi kwa serikali kuu kufundisha wakutubi na kusambaza vitabu. Baadaye mzani uliinama upande wa pili. Uganda iliibadili bodi yake kwa sheria ya mwaka 2003 baada ya madaraka kupelekwa wilayani, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Uamuzi umesogezwa karibu na msomaji. Pamoja nao umesogezwa wajibu wa kulipa. Maktaba ya wilaya au ya kaunti sasa husimama katika orodha moja na barabara na zahanati, nayo hushindana nazo kila mwaka wa bajeti.

Hali hiyo inawatisha wapenzi wa vitabu, na hofu yao ina msingi, maana zahanati haikosi wa kuitetea. Lakini ushindani huo ndio uliokuwapo katika mkutano wa Peterborough, ambapo mshindani wa maktaba alikuwa shule. Maktaba isiyowekwa kamwe katika orodha hiyo haijawa ya umma. Ni mgeni anayekaa kwa hisani ya mwenye nyumba. Mfadhili hufariki, mradi humalizika, shirika huhama. Mji hubaki, na mji unaotenga kidogo kila mwaka huthibitisha kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha maktaba katika mji mdogo, awe mwalimu, mwanafunzi au mchungaji, ana mengi ya kutafuta: vitabu, rafu, chumba kisichovuja. Historia ya Peterborough yamshauri atafute jambo jingine kwanza. Atafute kikao ambacho mji huamulia mambo yake, aombe maktaba iandikwe katika ajenda, na akubali kurudi mwaka unaofuata kuitetea tena. Vitabu vya kwanza vya Peterborough vilikaa katika rafu ya duka, karibu na bidhaa nyingine. Kilichoandikwa katika kumbukumbu za mkutano ndicho kilichovipatia nyumba.